Raia anayeachwa kituoni

Mwezi wa saba, shule zikifunguliwa baada ya likizo ya katikati ya mwaka, Moshi hupokea wageni wa aina mbili. Kuna wanaokuja kupanda mlima, na kuna wanaokuja kutafiti wanafunzi. Hawa wa pili hawana mabegi makubwa wala viatu vya mlimani. Wana kinasa sauti, madodoso na barua zenye mihuri. Kwao Ulaya na Marekani vyuo vinakuwa vimefungwa, na wahadhiri wa hapa nyumbani nao wanapata nafasi ya kupumua. Ndiyo maana kazi zangu nyingi huangukia kwenye baridi ya Julai na Agosti, ukungu ukiwa umekaa juu ya Kibosho na Uru mpaka saa nne asubuhi.

Nilifundisha Uraia katika shule ya kata kwa miaka kadhaa, kisha nikaacha chaki. Sasa naishi kwa kazi ya mtafiti msaidizi. Napanga ratiba, naendesha majadiliano ya vikundi, nasikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno usiku, umeme ukikubali. Mada inayoleta watu wengi siku hizi ni vijana na uraia: wanazijua haki zao? Wanashiriki maamuzi ya shule? Je, shule inamtendea haki mtoto wa mama muuza ndizi sawa na mtoto wa daktari? Ni mada nzuri na ninaiamini. Kinachonikera ni kwamba tunawauliza vijana habari za uraia kana kwamba ni kitu watakachokabidhiwa wakitimiza miaka 18, wakati wao wanaishi nao tangu siku ya kwanza walipopangwa mstarini. Uraia wa mwanafunzi wa kidato cha pili uko getini, uko kwenye orodha ya michango, uko kwenye kituo cha daladala. Sisi tunautafuta kwenye dodoso.

Nianze na vibali, maana huko ndiko somo la kwanza la uraia linakotolewa, na hakuna anayeliandika kwenye ripoti. Mtafiti wa kutoka nje anaanzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Akipata kibali anakwenda kwa katibu tawala wa mkoa, anapewa barua ya kwenda wilayani, wilaya inamwandikia mkurugenzi wa halmashauri, mkurugenzi anamwelekeza kwa afisa elimu, afisa elimu anamwandikia mkuu wa shule. Kila meza ina muhuri wake na kila muhuri una siku yake, na ukikuta mwenye muhuri yuko semina Dodoma, utakunywa chai nyingi. Mzazi naye anasaini, kwa sababu mtoto hajafika miaka 18. Halafu, mwisho kabisa, anaitwa mwanafunzi.

Anaitwa na mkuu wa shule. Anaingia ofisini anakuta wageni wamekalia viti vya wageni, mezani kuna barua yenye nembo ya Taifa. Mimi ndiye ninayemsomea fomu ya ridhaa: una uhuru wa kukubali au kukataa, na ukikataa hutapata madhara yoyote. Nimeisoma sentensi hiyo mbele ya wanafunzi wengi mno na huwa wanaitikia kwa pamoja, ndiyo madamu. Binti mmoja tu, shule moja ya upande wa Old Moshi, aliwahi kuniuliza swali. Alisema, "Madamu, nikikataa, narudi darasani au nitakaa hapo nje mpaka wenzangu wamalize?" Darasani kulikuwa na fizikia, vipindi viwili mfululizo, na mwezi uliofuata kulikuwa na mtihani wa moko wa mkoa. Alitaka kujua gharama kabla hajasaini. Nimehudhuria semina za maadili ya utafiti zenye wataalamu waliobobea, na sijasikia swali la ridhaa lililo bora kuliko hilo.

Kisheria hakukosea hata kidogo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, miaka miwili baada ya kupitishwa, na ibara yake ya 12 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 tuliuridhia mwaka 2003. Kisha tukatunga Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kifungu cha 11 kinasema mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. (Mkataba wa Afrika una pia ibara ya 31, ya wajibu wa mtoto kwa wazazi, jamii na taifa. Sijawahi kukutana na mkuu wa shule asiyeijua hiyo. Ile ya kumsikiliza mtoto ndiyo huwa "ngoja tuitafute".)

Basi ukikaa na vijana kwenye kikundi, dawati zimezungushwa, kinasa sauti kimewashwa, ukawauliza raia mwema ni nani, majibu yanatoka bila kusita. Ni anayelipa kodi. Anayelinda amani. Anayepiga kura. Anayeheshimu bendera na wimbo wa Taifa. Yanatoka kwa mpangilio, na mara nyingine mwanafunzi anaanza kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo alivyoandika daftarini. Nayajua majibu hayo vizuri. Niliyaandika ubaoni mimi mwenyewe. Somo la Uraia la sekondari lilifundishwa kwa Kiingereza miaka yote niliyokuwa kazini, na mtihani ulitaka orodha ya pointi sita, utangulizi na hitimisho. Mtoto aliyesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, akiulizia haki zake barazani kwa bibi kwa Kiswahili au Kichaga, alifika kidato cha kwanza akaanza kukariri haki hizohizo kwa lugha ambayo hawezi kubishana nayo. Kwenye mtaala mpya kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na hilo nalipigia makofi. Lakini lugha peke yake haitoshi kama ndani ya somo mwanafunzi hamuoni mtu anayefanana naye.

Chukua mfano wa haki ya elimu. Kila mwanafunzi wangu aliweza kuitaja. Katiba yetu ya mwaka 1977 inaitaja kwenye ibara ya 11. Ila ibara hiyo imekaa katika sehemu ya Katiba inayoeleza malengo ya Serikali, na ibara ya 7 inasema wazi kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama. Nilipokuwa nikifundisha sikuwahi kuona swali la mtihani likigusa hapo, na hapo ndipo penye utamu wote! Mwambie kijana wa miaka 16 kwamba haki aliyoikariri imeandikwa mahali ambapo hakimu haruhusiwi kuigusa, uone darasa litakavyoamka.

Au chukua fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayeweza kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Zamani vilikuwa sita. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda kama shule haina hata mmoja. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu. Mimi napinga viboko, hilo niliseme mapema, lakini tuzungumzie sheria ilivyo. Katika vikundi vyote nilivyoendesha, wanafunzi walioweza kunieleza kazi za Bunge na mihimili mitatu ya dola hawakuwa na habari kwamba lipo daftari hilo. Wanaijua mihimili iliyoko Dodoma; kanuni inayogusa mgongo wao wenyewe hawajawahi kuonyeshwa. Mvulana mmoja nilipomsomea alicheka sana, akasema, "Kwa hiyo na mwalimu anatakiwa aombe ruhusa?"

Na kinasa sauti kikizimwa, ndipo maneno yanakuja. Hili wanalijua watafiti wote wasaidizi, sijui kwa nini halimo kwenye vitabu vya mbinu za utafiti tulivyopewa. Unawashukuru, unagawa soda na andazi, unaanza kukunja waya, na yule aliyekuwa kimya saa nzima anasema kwa sauti ya chini kwamba haki kwake yeye ni kuulizwa kwanza kabla ya kuchapwa. Mwingine anasimulia alivyorudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Wasichana wanauliza kama ni kweli mwenzao aliyejifungua anaweza kurudi. Ni kweli. Waraka wa elimu wa Novemba 2021 uliruhusu, baada ya miaka mingi ya kufukuzwa, mwishoni chini ya kanuni nyingine za mwaka 2002, zile za kufukuza wanafunzi. Lakini waraka ni karatasi inayotoka wizarani kwenda halmashauri kwenda kwa mkuu wa shule, na safari yake mara nyingi huishia kwenye faili. Msichana aliyeko nyumbani Pasua na mtoto mgongoni hasomi faili la mkuu wa shule.

Kwa wanaopenda nadharia, hizi hapa, na nitapita haraka. Mwaka 1992 Roger Hart aliandika kwa ajili ya UNICEF kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vidato nane. Vitatu vya chini havihesabiki kuwa ushiriki: mtoto anatumiwa, anapambwa, au anawekwa pale ionekane yupo. Yeyote aliyewahi kuona watoto wakiimba ngonjera ya haki za mtoto mbele ya mgeni rasmi, juani, tangu saa mbili hadi saa saba, anajua kidato gani hicho. Mwaka 2007 Laura Lundy wa Belfast akasema sauti peke yake haitoshi. Mtoto anahitaji nafasi ya kusemea, msaada wa kuiunda sauti yake, mtu mwenye mamlaka anayelazimika kusikiliza, na alichosema kizingatiwe inavyostahili. Shule nyingi nilizofika zina sanduku la maoni. Moja limetengenezwa vizuri, mbao za mkangazi, limepakwa vanishi, limepigiliwa nje ya ofisi ya mwalimu wa nidhamu. Kufuli lake lina ufunguo mmoja, na ufunguo huo anao mwalimu wa nidhamu. Ndani ya sanduku, aliniambia mwenyewe kwa masikitiko ya kweli, hakuwahi kukuta kitu zaidi ya karatasi za pipi.

Nadharia ninayoipenda zaidi ni ya Joel Westheimer na Joseph Kahne, waliochunguza programu za elimu ya uraia Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Walisema shule zinaweza kulenga raia wa aina tatu. Nitaihamishia kwenye makande. Tangu Januari 2016 elimu ya sekondari ya kutwa katika shule za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, haina ada. Ile shilingi 20,000 kwa mwaka iliondolewa. Lakini chakula cha mchana bado ni mchango wa mzazi, na mtoto ambaye nyumbani hawajatoa mahindi na maharage huwa anajulikana, hata kama hakuna anayemtaja. Raia wa kwanza wa akina Westheimer analeta debe lake la mahindi kwa wakati. Wa pili anapanga kamati ya kukusanya mahindi ya darasa zima na kuhakikisha stoo haina panya. Wa tatu anauliza kwa nini shule iliyozungukwa na migomba na mahindi ina watoto wanaoshinda njaa, nani aliamua kiwango cha mchango, na kikao hicho kilifanyika lini. Shule zetu zinamtunza wa kwanza, zinamteua wa pili kuwa kiranja, na yule wa tatu anaitwa ofisini. Siwalaumu walimu peke yao. Mwalimu mwenye wanafunzi 70 darasani na mkaguzi anayeuliza ufaulu hana muda wa raia wa tatu. Na wazazi wa Moshi, ninawajua kwa sababu ni mmoja wao, tunataka mtoto afaulu kwanza; maswali atauliza akishakuwa na shahada.

Ajabu ni kwamba nchi hii iliwahi kuwa na jibu lake. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na Machi mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe jamii inayojiendesha, wanafunzi wakishiriki maamuzi ya shamba na mapato yake. Shamba tulilichukua, maamuzi tukayaacha; mimi nimelima bustani ya shule kwa adhabu, sikuwahi kuulizwa mchicha uuzwe kwa nani. Hata utafiti wenyewe tuliwahi kuufikiria upya. Marja-Liisa Swantz, mama wa Kifini aliyefundisha Ashira kule Marangu miaka ya 1950, alikuja kuwa miongoni mwa watu walioanzisha hapa Tanzania utafiti shirikishi, ule ambao wanaochunguzwa nao ni wachunguzi. Mradi wa Jipemoyo wa miaka ya 1970, Bagamoyo, ulitokana na fikra hizo. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil, naye alipita Dar es Salaam mwaka 1971 akizungumzia jambo hilohilo. Mlima wetu umeandikwa sana tangu hapo. Amy Stambach alikaa Machame akichunguza shule na maisha ya vijana. Frances Vavrus amefuatilia vijana wa Old Moshi kwa miaka mingi. Ni kazi za heshima. Lakini ukiwauliza vijana wa leo, utafiti wanaoujua ni ule wa kuulizwa, kushukuriwa na kupewa soda.

Kwa hiyo nilifurahi alipokuja mtafiti mmoja, mama wa makamo kutoka chuo cha nje, akasema safari hii wanafunzi wachague swali lao wenyewe na walichunguze. Tukapewa wanafunzi wa kidato cha tatu, wasichana na wavulana, katika shule moja iliyo chini kidogo ya barabara ya lami inayoshuka kutoka mlimani kuja mjini. Tukawapa flipchati na kalamu za rangi. Wakaandika vyoo, wakaandika chakula, wakaandika fimbo, mmoja akaandika mapenzi na kufuta. Wakabishana sana, mwisho wakapiga kura. Swali lililoshinda: kwa nini tunachelewa?

Mama wa watu hakuficha kwamba ameishiwa nguvu. Alikuja kwa ajili ya uraia, akapewa kuchelewa. Mimi mwenyewe niliona ni swali la watoto wavivu wa kufikiri. Tukawaacha.

Walinunua kauntabuku. Wakachora mistari kwa rula: saa, kitongoji, kwa mguu au kwa gari, sababu, adhabu. Nikawauliza mbona hakuna safu ya jina. Msichana aliyekuwa anaongoza kikundi, mtaratibu, mwenye mwandiko mdogo sana, akaniangalia kama ninayepaswa kujua. "Mwalimu wa zamu akiliomba daftari itakuwaje?" Hakuna aliyewafundisha kuficha majina ya washiriki. Vyuo vinatoza ada kufundisha jambo hilo. Wakapeana zamu getini kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wamejifunika vitenge na masweta, wanaandika huku mikono imekufa ganzi.

Tulidhani tunajua watakachokuta: wanaotoka mbali ndio wanaochelewa. Daftari likakataa. Wanaotembea kutoka vitongoji vya mbali walifika mapema kuliko wote, maana walitoka nyumbani gizani wakijua miguu yao haidanganyi. Waliochelewa ni wale wanaokaa kando ya lami na kutegemea Hiace. Sababu waliyoandika ni ileile, ukurasa baada ya ukurasa: konda kakataa. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na asubuhi Hiace zinashuka zimejaa akina mama na mikungu ya ndizi, wanawahi sokoni Kiboriloni na Mbuyuni. Mwanafunzi akipanda anakalia nafasi ya nauli kamili. Konda anapiga mlango, gari haisimami, au inasimama mita mia mbele ili wakimbie na ikiondoka wawe wamebaki. Siku za soko daftari lilijaa hadi pembeni. Mtoto anaachwa na gari ya kwanza, ya pili, ya tatu, anafika saa mbili kasoro, anapokelewa getini na fimbo kwa kosa la konda.

Hapo nilinyamaza. Kisha nikafika kwenye safu ya adhabu. Wavulana viboko, wasichana kupiga magoti au kufyeka, kama tulivyotarajia. Ila hapa na pale, kwa ule mwandiko mdogo, palikuwa na maneno haya: hajaadhibiwa, amekuja na baba. Walioletwa kwa gari la nyumbani au pikipiki ya mzazi walichelewa kama wenzao, tena wengine zaidi. Mzazi alishuka, akamsalimia mwalimu wa zamu, wakaulizana habari za nyumbani, mtoto akapita. Hakuna aliyepanga dhuluma hiyo. Mwalimu hawezi kumpiga mtoto mbele ya baba yake, ndiyo heshima yetu. Lakini ukiyajumlisha kwenye safu moja unaona kwamba getini pale palikuwa na sheria mbili, na iliyokutumikia ilitegemea umeshuka kwenye nini.

Mkuu wa shule alipoletewa daftari, swali lake la kwanza lilikuwa nani aliwaruhusu kuhesabu. Barua zetu zote zenye mihuri zilikuwa kwenye faili lake, kwa hiyo akaendelea kusoma. Alisoma muda mrefu. Mwalimu mmoja wa zamu alijitetea kwa ukali, na alikuwa na haki ya kujitetea: yuko peke yake getini, ana watoto mamia, akianza kusikiliza sababu ya kila mmoja vipindi vitaanza saa ngapi? Mwenyekiti wa bodi, mzee mstaafu, aliuliza jambo moja tu, kama konda anajulikana. Wanafunzi wakasema wanajulikana wote. Jumamosi wazazi watano au sita wa upande ule wakaenda kijiweni kwa madereva. Hapakuwa na kikao rasmi. Walikwenda kama watu wa jirani, wengine madereva wale ni watoto wa ndugu zao. Wakakubaliana kila Hiace ya asubuhi ibebe wanafunzi wawili bila maneno. Mkuu wa shule naye akaagiza anayetoka upande wa lami asichapwe kabla ya kuulizwa.

Ilikaa muhula mmoja na kidogo. Kisha mkuu wa shule akahamishwa, aliyekuja akakuta shule "haina nidhamu getini", na Hiace mbili kati ya zile zilizokubaliana zikauzwa kwa wenye makubaliano yao mengine. Wanafunzi wale walikuwa wamefika kidato cha nne, wana mitihani. Mama mtafiti alishaondoka zamani. Makala yake ilitoka kwenye jarida zuri, kwa Kiingereza, na kuisoma mtandaoni kunalipiwa kwa dola. Aliniandikia kunishukuru kwa jina, jambo ambalo si wote hulifanya. Niliisoma yote. Kuna kurasa juu ya sauti ya mwanafunzi, kuna Lundy, kuna Hart. Konda hayumo. Nilipomuuliza, alijibu kwa upole kwamba wahakiki waliona suala la usafiri liko nje ya malengo ya utafiti.

Sikukasirika sana, najua wahakiki walivyo. Lakini yule binti wa mwandiko mdogo, ambaye sasa anasoma ushonaji VETA, alinipigia simu mwaka huu kuuliza ile kazi yao iliishia wapi. Nikamtumia makala. Akaipitisha kwa wenzake: mmoja anaendesha bodaboda, mmoja yuko chuo cha ualimu, mmoja kidato cha sita, wengine wako nyumbani. Wakarudi na ombi kwamba tuandike kurasa mbili kwa Kiswahili, za kubandika kwenye mbao za matangazo za shule na kwenye ofisi ya mtaa, na nakala moja ipelekwe kijiweni kwa Hiace. Mtafiti kakubali, kasema atalipia uchapaji.

Sasa tuko kwenye kundi la WhatsApp tunagombana. Mimi nataka tuanze na kanuni ya viboko na kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto, ili mkuu wa shule asome kabla hajakasirika. Wao wanataka ukurasa wa kwanza uwe wa konda na ile safu ya "amekuja na baba", sheria zikae nyuma. Wa bodaboda anadai pia jina la kijiwe liandikwe, wa ualimu anakataa, anasema ndiko atakakopanda gari akipangiwa kazi. Nimepiga kura yangu. Mpaka naandika haya, nimeshindwa.